Tiba za kisaikolojia kwa mwenye kiwewe: namna ya kuzitambua, kuchagua inayokufaa na kuifuata hadi mwisho

Mtu akipatwa na ajali, kipigo, ubakaji, vita au kifo cha ghafla cha mpendwa wake, ushauri anaopewa ni ule ule: jikaze, sahau, mwachie Mungu. Unatolewa kwa mapenzi, na wengi huwavusha wiki za mwanzo. Kwa mwenye kiwewe kilichokwisha kuota mizizi, hata hivyo, kusahau kwa nguvu ndiko kunakomfunga. Tiba zenye ushahidi mzito kuliko zote zinamtaka airudie kumbukumbu ile kwa utaratibu, akiwa mahali salama, mbele ya mtu aliyesomea kazi hiyo.

Nimeona watu wakienda "kwa mshauri" miezi mingi, wakilia, wakipewa pole na nasaha njema, kisha wakirudi nyumbani na jinamizi lile lile. Walipata faraja, tiba hawakuipata, na hakuna aliyewaeleza tofauti. Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na kwa ndugu anayemtafutia msaada.

Hatua ya 1: Hakikisha hatari imekwisha

Tiba ya kiwewe hushughulikia jambo lililopita. Kama mume bado anapiga, au aliyembaka mtoto bado analala nyumba ile ile, kazi ya kwanza ni kumtoa mtu kwenye hatari. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Kenya, namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo. Kwa watoto, piga 116 ukiwa Kenya au Tanzania. Mashariki mwa Kongo, Hospitali ya Panzi iliyoko Bukavu, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, hutibu mwili na nafsi chini ya paa moja.

Aliyebakwa ana saa za kuhesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Nenda hospitali moja kwa moja, na fomu ya polisi uiulizie ukiwa huko: PF3 kwa Tanzania, P3 kwa Kenya. Ikiwezekana usioge wala usifue nguo kabla ya kupimwa. Kama umekwisha kuoga, nenda vivyo hivyo.

Mawazo ya kujiua hayasubiri miadi ya wiki ijayo. Mtu asiachwe peke yake. Sumu ya panya, dawa ya wadudu na akiba ya vidonge viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wengi wameficha jambo hili kwa kuogopa polisi. Wakenya wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba.

Hatua ya 2: Tambua unachougua

Baada ya tukio la kutisha, karibu kila mtu hukosa usingizi, hushtuka ovyo na kuona picha za tukio zikimrudia. Hiyo ni kazi ya mwili uliotishwa, na kwa walio wengi hupungua wenyewe katika wiki za mwanzo. Mwezi wa kwanza, kinachomfaa mtu ni kula, kulala, kukaa na watu anaowaamini na kurudi kidogo kidogo kwenye shughuli zake. Asilazimishwe kusimulia. Zamani wataalamu walikuwa wakiwakusanya waathirika siku chache baada ya ajali au mlipuko na kuwafanya wasimulie yote kwa kikao kimoja. Shirika la Afya Duniani halipendekezi jambo hilo. Miongozo yake ya 2013 inaonya pia dhidi ya kumpa mtu dawa za usingizi za jamii ya diazepamu katika mwezi huo wa kwanza kama tiba ya mshtuko.

Mwezi ukipita na hali ni ile ile au imezidi, angalia mafungu manne ya dalili. La kwanza ni kumbukumbu zinazovamia: jinamizi, au kujikuta ghafla kana kwamba tukio linatokea sasa hivi. La pili ni kukwepa, yaani njia fulani hupiti, habari fulani husikilizi, mtu fulani humtaji. La tatu ni mawazo na hisia zilizoharibika: aibu, kujilaumu, kutomwamini yeyote, kushindwa kufurahia hata harusi ya mdogo wako. La nne ni mwili ulio macho muda wote, unaoruka kwa mlango kugongwa na kuwaka hasira kwa jambo dogo.

Kwetu kiwewe huingia hospitali kwa jina lingine. Mtu huja na kichwa kisichopona, moyo unaokwenda mbio, joto linalopanda mgongoni, tumbo linalosokota. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapewa dawa za maumivu, anarudi mwezi ujao. Kama vipimo haviishi kusema hakuna kitu, na dalili zilianza baada ya tukio, mwambie daktari habari za tukio hilo. Sentensi moja inatosha: "Daktari, haya yalianza baada ya kuvamiwa."

Jipatie daftari. Andika kwa wiki mbili: tarehe, kilichotokea, kilichokichochea, na ulikwepa nini. Wataalamu wengi hutumia dodoso liitwalo PCL-5 lenye maswali 20, kila moja likijibiwa kwa alama 0 hadi 4, jumla ikifika 80. Ukiipata alama yako kabla ya tiba, utakuwa na kitu cha kulinganisha baadaye.

Kuna pia kiwewe changamano, ambacho orodha ya magonjwa ya kimataifa inayotumika tangu 2022 imekitenga kama ugonjwa wake. Hiki huwapata zaidi walioteswa muda mrefu bila njia ya kutoka: mtoto aliyedhulumiwa nyumbani miaka mingi, mateka, mfungwa wa vita. Juu ya dalili za kiwewe cha kawaida huongezeka kushindwa kutuliza hisia, kujiona takataka na kushindwa kukaa karibu na watu.

Hatua ya 3: Zifahamu tiba zenyewe

Nitaanza na zile zinazoigusa kumbukumbu, kwa sababu ndizo zenye matokeo makubwa zaidi.

*Tiba ya kukabili.* Iliendelezwa na Edna Foa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na hujulikana kwa herufi PE. Chukua dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori kwenye makutano ya barabara, abiria wake akafa. Mguu umepona, lakini pikipiki ameiuza, makutano yale anayakwepa hata akiwa ndani ya daladala, na honi ya lori humtoa jasho. Kila anapokwepa hupata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo huufundisha mwili kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa. Hofu inazidi kunenepa.

Tiba hufanya kazi mbili. Ndani ya chumba, anafumba macho na kusimulia ajali kana kwamba inatokea sasa: "Naona taa za lori, nakamata breki, mama aliye nyuma yangu anapiga kelele." Anairudia tena na tena, hurekodiwa, kisha anaisikiliza nyumbani kila siku. Nje ya chumba, anapanga na mtaalamu wake orodha ya mambo anayoyakwepa, kila moja likipewa alama ya hofu kutoka 0 hadi 100. Huanza na ya chini: kutazama picha ya pikipiki, kisha kusimama kijiweni, kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa, kuendeshwa kwenye barabara tulivu, hadi kupita yale makutano mchana. Kanuni ni moja: asiondoke hofu ikiwa kileleni, abaki hadi ishuke. Vikao huwa kati ya 8 na 15, kila kimoja kama dakika 90. Ni tiba ngumu, sitaificha, lakini mtu huanza kuona mabadiliko mapema kuliko alivyotarajia.

Angalizo: kukabili ni kwa mambo ambayo kwa kweli ni salama. Mwanamke aliyevamiwa kwenye kichochoro kinachojulikana kwa vibaka hapaswi kuagizwa apite pale usiku.

*Tiba ya kuchambua mawazo.* Patricia Resick aliianzisha miaka ya 1980 kwa ajili ya wanawake waliobakwa. Herufi zake ni CPT, na kawaida ina vikao 12. Hapa kazi kubwa iko kwenye mawazo yaliyokwama: "Nisingepita njia ile yasingenikuta." "Nilinyamaza, kwa hiyo nilikubali." "Hakuna mwanamume wa kuaminika." Mtaalamu hakubishii wala hakuhubirii. Anakuuliza. "Dada, siku ile ulijua kwamba yupo pale?" "Hapana." "Ungejua, ungepita?" "Nisingepita." "Basi unajilaumu kwa kutotumia habari ambazo siku ile hukuwa nazo." Swali kwa swali, mtu hujifunza kulikagua wazo lake kama hakimu anavyokagua ushahidi, halafu huendelea nyumbani kwa karatasi za mazoezi. Vikao vya mwisho hushika mambo matano: usalama, kuaminiana, mamlaka juu ya maisha yako, heshima, na ukaribu na watu.

Tiba hii imepimwa karibu na kwetu, na matokeo yake ningependa kila mkurugenzi wa hospitali ayajue. Katika vijiji vya Kivu, mashariki mwa Kongo, wanawake walionusurika ukatili wa kingono walipewa tiba hii kwa vikundi: kikao kimoja cha mtu binafsi, kisha 11 vya kikundi. Waliowahudumia walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa huko huko, si madaktari. Wengi wa wanawake hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yalirahisishwa ili yashikwe kwa kichwa. Utafiti ulichapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine: miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9, ilhali katika vijiji ambako wanawake walipata msaada wa kawaida wa mtu binafsi walikuwa asilimia 42. Kwa kiwewe chenyewe hali ilifanana. Asemaye kwamba tiba za kina ni za waliosoma tu, na ajibu hilo.

*Tiba ya simulizi ya maisha.* Hii, NET kwa herufi, ilibuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kwa watu wenye mikasa mingi iliyofuatana: waliokimbia vita, wakapigwa njiani, wakapoteza watoto kambini. Kwa mtu kama huyo ukiuliza "tukio ni lipi?" hajui aanzie wapi. Basi hutandikwa kamba sakafuni, nayo ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Kila jambo jema huwekewa ua, kila baya huwekewa jiwe. Kikao hadi kikao, anasimulia kwa mfuatano, na mtaalamu anaandika. Wakifika kwenye jiwe wanatulia hapo: uliona nini, mwili ulihisi nini, sasa hivi unahisi nini. Kikao kinachofuata simulizi husomwa upya na kusahihishwa. Mwisho mtu hukabidhiwa maisha yake yote yakiwa yameandikwa.

Ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan katika makazi ya Imvepi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kisha kwa Wanyarwanda na Wasomali huko Nakivale, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, ambako watoa tiba walikuwa wakimbizi wenyewe waliofunzwa. Huko Nakivale vikao vilikuwa sita tu. Kwa jamii iliyokuzwa kwa hadithi na masimulizi, naiona kuwa tiba inayokaa vizuri kuliko nyingine nyingi, na inasikitisha kwamba nje ya kambi za wakimbizi ni wachache wanaoijua.

*EMDR.* Francine Shapiro, Mmarekani, aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtu hushika akilini picha mbaya kuliko zote huku macho yakifuata vidole vya mtaalamu kushoto na kulia, au akigongwagongwa taratibu mikononi. Kisha husema kilichomjia, na duru huanza tena. Ina awamu nane, haihitaji usimulie kwa kirefu, na kazi za nyumbani hakuna. Wataalamu bado wanabishana kama miondoko ya macho ndiyo inayoponya au ni ile kumbukumbu kuguswa kwa utulivu. Ubishi huo usikuzuie: Shirika la Afya Duniani linaipendekeza sambamba na tiba za kukabili na kuchambua mawazo, na inamfaa sana asiyeweza kulitamka lililompata. Shida ni kupata aliyefunzwa kweli. Kupunga vidole kila mtu anaweza.

*Kwa watoto.* Mtoto hatibiwi peke yake. Tiba iliyobuniwa na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, TF-CBT kwa herufi, humshirikisha mlezi tangu mwanzo: mtoto hujifunza kutaja hisia na kutuliza mwili, hutengeneza simulizi yake kwa maneno au michoro, kisha humsomea mlezi ambaye ameandaliwa kuipokea bila kuangua kilio wala kugomba. Ilijaribiwa kwa yatima wa miaka 7 hadi 13 huko Moshi na Bungoma, wakihudumiwa kwa vikundi na washauri waliofunzwa, wasio wataalamu wa afya ya akili. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida mijini na vijijini upande wa Kenya, na vijijini upande wa Tanzania.

Baada ya hizo kuna tiba zisizoingia moja kwa moja kwenye kumbukumbu. PM+ ya Shirika la Afya Duniani ina vikao vitano vya dakika 90: kupumua taratibu, kupanga utatuzi wa matatizo, kurudi kwenye shughuli, na kujenga upya mahusiano na watu. Ilipimwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ikitolewa na wahudumu wa afya ya jamii, na ikapunguza mfadhaiko wao. Ni mlango mzuri wa kuingilia.

Rwanda ina kitu cha pekee, tiba ya kijamii (kwa Kiingereza sociotherapy). Tangu 2005, kuanzia Byumba, majirani 10 hadi 15 hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 15, wakiongozwa na wenyeji wawili, wakipita awamu za usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, mwelekeo mpya wa maisha na kumbukumbu. Mnusurika wa mauaji ya 1994 anaweza kuketi duara moja na aliyefungwa kwa mauaji hayo. Hiyo inaponya kitu ambacho chumba cha watu wawili hakiwezi kukiponya: ujirani.

Tiba za mwili, kama ile ya Mmarekani Peter Levine iitwayo Somatic Experiencing, na yoga ya watu wenye kiwewe, huwasaidia baadhi kuuhisi tena mwili wao bila hofu. Ushahidi wake bado ni mdogo, nami ningezichukua kama nyongeza. Uchambuzi wa nafsi wa muda mrefu una thamani yake kwa majeraha ya utotoni, ila ni ghali na wataalamu ni haba. Dawa kama sertralini hupunguza dalili na zinaweza kwenda pamoja na tiba. Huagizwa na daktari, na hazikatizwi ghafla.

Hatua ya 4: Linganisha tiba na hali yako

Tukio moja linalojulikana, na unakwepa sana: PE au EMDR. Unaliwa na lawama na aibu: CPT. Maisha yote ni mawe: NET. Mtoto: tiba ya pamoja na mlezi. Hulali, huna kodi, na akili haitulii hata kuongea: anza na PM+ au kitu kama hicho, kisha rudi kwenye kumbukumbu ukiwa umepata nguvu.

Mwenye kiwewe changamano mara nyingi huhitaji wiki kadhaa za kujifunza kujituliza kabla ya kuingia kwenye mawe. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, alieleza mpangilio huo mwaka 1992: usalama, kukumbuka na kuomboleza, kuungana tena na watu. Awamu ya kwanza isigeuke maficho, hata hivyo. Ukipita nusu mwaka mnajifunza kupumua tu, uliza kazi yenyewe inaanza lini.

Kuhusu dua na maombi. Wengi wetu hupita kwanza kwa sheikh au kwa mchungaji, na mtu akizimia au akiongea kana kwamba hayupo, husemwa ana jini au pepo. Kisomo na maombi humpa mtu faraja na watu wa kumshika mkono. Endelea navyo ukivipenda. Ila yeyote anayekuagiza uache dawa, anayekufunga au kukupiga ili "kitoke", au anayedai ulipatwa kwa sababu ya dhambi zako, anakuongezea jeraha. Mwache.

Hatua ya 5: Mtafute mtaalamu na umhoji

Anzia hospitali ya rufaa iliyo karibu na uulizie kitengo cha afya ya akili. Kuna Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Zanzibar, Mathari Nairobi, Port Reitz Mombasa, Butabika Kampala, Ndera Kigali na Kamenge Bujumbura. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, hivyo una haki ya kumuuliza mtu usajili wake. Walio Ulaya au Marekani waombe mkalimani wa Kiswahili wa hospitali. Mtoto wako asigeuzwe mkalimani wa mambo haya, hata kama Kiingereza chake ni kizuri.

Ukipiga simu, sema hivi: "Habari za kazi, daktari. Nilipatwa na tukio baya na bado linanisumbua. Kabla sijaja naomba kuuliza. Unatumia tiba gani kwa kiwewe, na uliisomea wapi? Vikao ni vingapi, na kila kimoja ni shilingi ngapi? Tutajuaje kama ninapona? Na nitakayoyasema, nani mwingine atayajua?" Mtaalamu mzuri hakasiriki. Akikujibu "mimi huchanganya tu kulingana na mtu" na hawezi kueleza anachochanganya, endelea kutafuta.

Swali la siri libane zaidi, hasa mji ukiwa mdogo na mshauri akiwa anasali msikiti au kanisa lenu. Anapaswa kukutajia mipaka yake: hatari ya kujiua, hatari kwa mtoto, amri ya mahakama. Ondoka mara moja ukiguswa isivyofaa, ukitongozwa, ukihubiriwa dini badala ya tiba, ukisikia habari za wateja wengine, au ukilazimishwa kusimulia kikao cha kwanza.

Hatua ya 6: Vikao vyenyewe

Kikao cha kwanza na cha pili ni vya kukufahamu na kukueleza kiwewe ni nini. Kisha kazi huanza, na hapa ndipo watu wengi hukimbia. Wiki ya pili au ya tatu jinamizi linaweza kuzidi. Kinachoguswa kinauma, na kwa kawaida hushuka ndani ya wiki chache. Mwambie mtaalamu wako, usipotee kimya. Usipange kikao asubuhi ya siku ya mtihani au ya kazi nzito, na usirudi nyumbani peke yako siku za mwanzo kama unaweza kupata wa kukusindikiza.

Kazi za nyumbani zifanye, hata vibaya. Pombe na mirungi punguza, kwa sababu vyote viwili huvuruga usingizi, na pombe hufunika hisia ambazo tiba inataka zisikike. Kumbukumbu ikikuvamia njiani, kanyaga chini kwa nguvu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, na sema tarehe ya leo. Hilo hukurudisha sasa. Lisitumike kukimbia kila hisia.

Jaza dodoso lako kila baada ya vikao vichache. Alama kushuka kwa 15 au zaidi kwenye PCL-5 ni mabadiliko ya kweli. Vikao sita hadi vinane vikipita bila chochote kusogea, keti na mtaalamu wako mtafute kizuizi: bado unakwepa? Kuna tukio jingine hujalitaja? Sonona inahitaji dawa? Kubadili tiba au mtaalamu hakuna ubaya; EMDR ikishindwa, CPT inaweza kufaa.

Ndugu wa nyumbani wanayo kazi yao. Wasimhoji kila akitoka kikaoni. "Pole kwa kazi, chakula kipo" inatosha. Wamwache afanye mazoezi yake ya kukabili bila kumwambia "we acha tu, nitakwenda mimi sokoni". Kumkwepesha ni huruma inayorefusha ugonjwa.

Hatua ya 7: Kumaliza

Tiba hizi zina mwisho, na mtaalamu mwema hukuandaa kuondoka tangu siku ya kwanza. Kumbukumbu haifutiki. Inayobadilika ni nguvu yake: unaweza kuisimulia, ukahuzunika, kisha ukaendelea na siku yako.

Kabla ya kikao cha mwisho, kaeni muorodheshe siku zitakazokuwa nzito: tarehe ya tukio, msimu wake, siku ya kesi mahakamani, taarifa ya kuachiwa kwa mhalifu. Rwanda hulijua hili vizuri; kila tarehe 7 Aprili kumbukumbu za mauaji zinapoanza, wapo wanaozidiwa hadharani, na wahudumu huwekwa tayari kwenye viwanja kuwapokea. Fanya vivyo hivyo kwa tarehe yako. Amua mapema utakuwa na nani, utakwenda wapi na nani atawaangalia watoto usiku, na daftari lako liweke karibu. Dalili zikirudi kwa siku chache kisha zikashuka, hilo ni la kawaida. Zikikaa zaidi ya wiki mbili tatu, au ukijikuta umeanza tena kukwepa njia na watu, mpigie mtaalamu wako umwombe vikao vya nyongeza. Kwa kawaida vichache vinatosha.